Prodigy P3 kwenye Tundra yangu: kontrola ya breki za trela baada ya kuitumia

Nabeba magari ya mnada kati ya Dallas na Houston. Trela yangu ni ya ekseli mbili, uzito wa juu pauni 7,000 (kama kilo 3,200), na inavutwa na Toyota Tundra ya 2012. Tundra hiyo ilitoka kiwandani na soketi ya pini saba nyuma ya kuchomekea nyaya za trela, lakini ndani haikuwa na kontrola ya breki, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye breki za trela. Bila kontrola, breki za umeme za trela hazishiki kabisa. Ukikanyaga, pikapu peke yake ndiyo inayosimamisha kila kitu, na mzigo unaisukuma kwa nyuma. Texas inataka trela ya zaidi ya pauni 4,500 iwe na breki kwenye barabara kuu. Hata sheria hiyo isingekuwepo ningefunga, maana kwenye I-45, barabara kuu ya Dallas hadi Houston, malori husimama ghafla na nafasi ya kukwepa haipo.

Walio Uingereza na Ulaya, trela zenu nyingi ndogo zina breki za kusukumwa: trela ikisukuma gari mbele, fimbo inavuta breki zenyewe. Hapa Marekani mambo ni ya umeme. Ndani ya kila ngoma ya breki kuna sumaku. Ikipata umeme inajibana kwenye uso wa ngoma inayozunguka, inaburutwa nayo, na mkono wake unasukuma viatu vya breki vishike. Umeme ukiwa mwingi, breki inakaza. Kwa hiyo swali zima la kununua kontrola ni hili: nani anaamua umeme uende kiasi gani, na kwa wakati gani?

Kontrola za bei ndogo zinafuata muda. Taa za breki zikiwaka, umeme unapanda hatua kwa hatua hadi kiwango ulichopanga, uwe umegusa pedali kidogo au umeikandamiza hadi chini. Ukipunguza mwendo kidogo tu kwenye foleni, trela inakuvuta nyuma. Ukifunga breki za dharura, trela inachelewa. Aina ya pili ina kihisi kinachopima gari linapunguza mwendo kwa nguvu gani, na inapeleka umeme kulingana na hapo. Ukigusa, trela inagusa; ukikaza, nayo inakaza. Kwa anayebeba gari la mtu mwingine sioni sababu ya kuchukua ile ya muda, hata kama ni nusu ya bei.

Nilichagua Tekonsha Prodigy P3, ya aina hiyo ya pili. Nilizitazama pia Redarc Tow-Pro Elite na Curt Spectrum, ambazo boksi lake linafichwa na kwenye dashibodi kinabaki kitufe cha kuzungusha tu. Ni nadhifu zaidi, lakini mimi nilitaka kioo kinachoonyesha volti zinazoenda kwenye trela na kunijulisha kama trela imeunganishwa au la. Ukiwa barabarani usiku, taarifa hiyo ina thamani kubwa.

Kufunga kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Duka moja lilinitajia bei ya kazi iliyozidi bei ya kifaa chenyewe, nikaondoka. Tundra ya aina hii ina plagi tayari chini ya dashibodi, karibu na usukani. Unanunua waya wa kuunganishia wa Toyota, unachomeka upande mmoja kwenye plagi na mwingine kwenye kontrola, basi. Kama gari lako halina plagi hiyo, nyaya ni nne: mweusi unatoka chanya ya betri kupitia sakiti breka (swichi inayokata umeme ukizidi), mweupe ni ethi, mwekundu unakwenda kwenye swichi ya taa za breki, na wa bluu unapeleka umeme kwenye breki za trela. Kwa ekseli moja au mbili sakiti breka ni ya ampea 20. Zaidi ya hapo, 30. Fungua hasi ya betri kabla ya kugusa chochote.

Pa kuwa makini ni mahali pa kuifunga. Tundra kuanzia 2010 ina mfuko wa hewa wa magoti upande wa dereva, kwa hiyo usitoboe paneli ya chini kwa kubahatisha. P3 inaweza kuinamishwa mbele au nyuma bila shida, lakini lazima itazame sawasawa na uelekeo wa gari. Ikikaa upande, kihisi kinasoma vibaya. Tumia skrubu fupi zilizokuja nayo. Ndefu zinaingia hadi kwenye umeme wa ndani na kuiua.

Kupanga nguvu ndiyo kazi yenyewe, na wengi huiruka. Tafuta barabara kavu, tambarare, isiyo na magari. Ukiwa kwenye maili 25 kwa saa, sukuma swichi ya mkono ya P3 bila kugusa pedali. Hiyo inashika breki za trela peke yake. Pandisha nguvu hadi tairi za trela zinaanza kujifunga, kisha rudisha chini kidogo. Mimi trela ikiwa tupu nakaa karibu volti 4, ikiwa na gari juu napanda hadi 7 au 8. Mzigo ukibadilika unapanga upya. Swichi hiyo hiyo ndiyo ya kukimbilia trela ikianza kuyumba: iguse taratibu, trela itavutika nyuma na kunyooka.

Malalamiko yangu ni mawili. Boksi ni kubwa, mwenye miguu mirefu ataligonga kwa goti. Na haiwezi kukusaidia kama soketi yako ni chafu: kwa unyevu wa Houston, pini zinaota kutu ya kijani, na kioo kinaanza kukuambia trela haipo ilhali iko. Brashi ndogo ya waya na grisi ya umeme kwenye pini zilimaliza tatizo hilo kwangu.

Ukiwa na pikapu mpya iliyotoka na kontrola kiwandani, usinunue hii. Na kama trela yako ina breki za haidroliki zinazoendeshwa kwa umeme, P3 inazimudu pia, ila lazima uchague hali hiyo kwenye menyu kabla ya kuondoka, kwa sababu inakuja imepangwa kwa breki za umeme za kawaida.