Waini za Albania: ipi uanze kununua, ipi uiache dukani

Kama unaishi Ulaya na unapanga likizo Albania, au umeona duka lenye waini za huko, naomba kitu kimoja, usinunue Cabernet wala Merlot ya Albania. Sio kwamba ni mbaya, ila hizo utazipata Chile, Afrika Kusini, Ufaransa, popote. Raha ya Albania ni zabibu zao za asili, zile ambazo hata wauza waini wengi hawajawahi kuzisikia, na ndo maana hapa nimepanga kwa jina la zabibu, kwa hiyo ukiwa dukani soma jina kwanza, picha ya kwenye lebo baadaye.

Namba moja ni Kallmet na kwangu hapa hakuna mjadala. Ni nyekundu ya kaskazini, upande wa Lezhë, Shkodër na milima ya Mirdita. Usitegemee kitu kizito cha kukausha mdomo, hii ni ya kati, ina harufu ya cheri na kwa mbali pilipili manga, na ina uchachu fulani unaokata mafuta ya nyama, yaani ukiinywa na mbuzi choma utanielewa. Tafuta ya Kantina Arbëri (kantina ndo kiwanda cha waini kwao) ya Rrëshen au ya Kantina Kallmeti. Kuna ya kawaida na kuna ile iliyolazwa kwenye mapipa ya mwaloni ambayo bei iko juu, mi nashauri uanze na ya kawaida, kwa sababu pipa likizidi unaonja mbao na zabibu yenyewe huisikii tena.

Ya pili ni nyeupe, inaitwa Puls, ya Berat, ule mji wa nyumba nyeupe zenye madirisha mengi ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Inakua kwenye vilima vya Roshnik chini ya mlima Tomorr. Familia ya Çobo wanaitengeneza vizuri sana kule Ura Vajgurore, tena kutoka zabibu hiyohiyo wanatoa na ya mapovu inayoitwa Shëndeverë, inachachushwa mara ya pili ndani ya chupa kama wanavyofanya Champagne. Ukiwa Berat nenda kantina mwenyewe, unakaa, wanakuletea jibini, zeituni na mkate, unaonja moja moja afu ndo unaamua. Kununua hivyo hakuna kifani.

Namba tatu Ceruja, na kama mfuko unaruhusu ningekuambia uipandishe. Hii ni nyeupe ya milimani kaskazini, mizabibu yake kwa asili inapanda juu ya miti, kwa hiyo mvunaji anapanda na ngazi kufuata vichala huko juu. Fikiria kazi hiyo. Enzi za ukomunisti mashamba ya serikali yalitaka wingi, na baada ya mfumo kuanguka 1991 mizabibu mingi iling'olewa au ikatelekezwa, kwa hiyo zabibu kama hii kubaki hai mpaka leo ni kwa sababu ya watu wachache waliong'ang'ana nayo. Uka Farm ya Laknas, nje kidogo ya Tirana, ni kati ya hao. Bei yake ni kubwa kuliko za juu hapo lakini inastahili kila lek (hela ya Albania).

Ya nne ni Shesh, ipo ya aina mbili, Shesh i Zi nyekundu na Shesh i Bardhë nyeupe, kutoka vilima vya kati ya Tirana na Durrës. Hii ndo ya kila siku, inapatikana kirahisi, kwa chakula cha nyumbani inatosha kabisa. Halafu Vlosh ya Narta karibu na Vlorë, nyekundu kali yenye kukaba kidogo, nzuri na nyama ya kondoo, ila sio ya kumwanzishia mtu. Debina ya Përmet ni nyeupe nyepesi, ukiikuta chukua.

Ile ya nyumbani inayouzwa barabarani kwenye chupa za plastiki, kunywa hukohuko mezani kwa mwenyeji, na nyingine ni tamu kweli, lakini usiibebe. Ndani ya plastiki na joto la safari inaharibika haraka. Raki, pombe kali yao ya zabibu, nayo vilevile, nunua iliyofungwa kiwandani yenye lebo, na kama unataka zawadi ya mzee chukua konjak (brandi) ya Skënderbeu ambayo wanaitengeneza tangu 1967.

Ukiwa dukani angalia mwaka wa mavuno. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Albania ni mara moja tu, mwisho wa Agosti mpaka Oktoba hivi, kwa hiyo mwaka kwenye lebo una maana. Nyeupe nunua ya karibuni, Kallmet ikiwa na miaka mitatu minne haina shida. Chupa iliyosimama dirishani kwenye jua iache hata kama wamepunguza bei, na kizibo kikiwa kimesukumwa juu au shingo ina alama za kuvuja, rudisha.

Bei piga hesabu lek 100 ni kama euro moja. Albania haiko Umoja wa Ulaya kwa hiyo ukiingia Italia au Ujerumani ruhusa bila ushuru ni lita 4 za waini isiyo na mapovu kwa mtu mzima, yaani chupa tano za kawaida. Uingereza ni lita 18. Zifunge kwenye nguo katikati ya begi la kukabidhi, maana kwenye begi la mkononi hazipiti, labda zile za duka la ndani ya uwanja wa ndege baada ya ukaguzi, na huko Ceruja usitegemee kuikuta, inunue mjini mapema.