Fundi kachomeka disketi yenye kuvu kwanza

Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Nilipeleka disketi sita za marehemu baba kwa fundi mmoja wa kompyuta hapa Lamu mjini, zile ngumu za inchi 3.5. Humo baba alikuwa akiweka hesabu zake za boriti. Kijana akazipokea huku anacheka: "Bi mkubwa, hivi si vya kupeleka makumbusho?" Nikameza.

Kisomaji anacho, cha kuchomeka kwa USB, na wala si kibaya. Lakini hakuzitazama! Nikamwambia, mwanangu, angalia kwanza: yenye matundu mawili ni ya MB 1.44, yenye moja ni ya KB 720, na kile kitundu chenye kifuniko kiache wazi, kompyuta isije ikaandika juu yake. "Zote ni mamoja," akasema. Akachukua ya juu, akatia.

Hiyo ya juu ndiyo yenye kuvu. Angekisukuma kile kibati kwa ukucha tu, angeyaona madoa meupe kwenye kisahani cha ndani, kama mkate wa juzi. Mashine ikakwaruza krr, krr, krr, ikanyamaza. Akatia ya pili bila hata kukipangusa kwa spiriti kichwa cha kisomaji, kile kinachoigusa disketi. Krr. Ya tatu, yale yale. Uchafu wa moja ndio unaozichuna nyingine! Kisha kompyuta ikauliza kama iifomati, yaani ifute yote yaliyomo, na kidole chake kikaenda kwenye kukubali. Wallahi nilimshika mkono, mtoto wa watu asiye mahramu wangu. Nikatoka nikaziacha zote mezani.

Nyota moja, na hiyo moja ni ya huruma. Ila nani aliyeziweka miaka yote hiyo kwenye kasha lililoegemea ukuta wa kisima, na unyevu huu wetu? Ni mimi. Kuvu hakulileta yeye.

Halafu baada ya Isha akapiga hodi. Kichwa kakisafisha, na zile tatu za chini, ambazo alikuwa hajazigusa, mbili zimesomeka. Pesa hataki. Nikamlipa kwa nguvu, bado nimenuna. Haya, nyota tatu. Lakini zile mbili alizozichuna sijamsamehe.

Katika moja baba ameandika: korija 14 za mazio, hajalipa. Korija ni miti ishirini, na mazio ni miti ya mikoko, myembamba kuliko boriti. Jina lipo. Mwenyewe yu hai, kila Ijumaa namwona akipita mlangoni kwetu na kanzu yake nyeupe.