Tom na Jerry wa 2021 kwenye shuka la Lamu: paka yupo, panya yupo, kimya kiko wapi?

Likizo ya shule ikiingia, na watoto wa Mkomani na Langoni wakianza kuuliza leo usiku kuna nini, jina la Tom na Jerry halikosi kutajwa. Hapa kisiwani sinema ni shuka jeupe, projekta na mikeka, na anayeshika rimoti ndiye anayeulizwa: tuweke zile za zamani au ile filamu ya 2021? Jibu fupi ni kwamba ziwekwe zote mbili, za zamani zitangulie, na filamu ifuate ikiwa na mtu wa kuifasiri. Sababu zake ni ndefu kidogo.

Katuni yenyewe ilianza 1940 katika studio ya MGM, Marekani, mikononi mwa William Hanna na Joseph Barbera. Hadi kufika 1958 walikuwa wametengeneza 114, na saba kati ya hizo zikapata tuzo ya Oscar. Kila moja ni ya dakika saba hivi. Barbera alichora visa, Hanna akapima muda, na Hanna alipima kwa mapigo ya muziki: hatua ya paka ichukue fremu ngapi, yaani zile picha moja moja zinazopita haraka mpaka zikaonekana kutembea, na kile kimya cha kabla ya kishindo kichukue fremu ngapi. Scott Bradley alitunga muziki akifuata vipimo hivyo. Ndiyo maana Jerry akinyata unasikia kila unyayo wake, na ndiyo maana bibi asiyejua neno la Kiingereza hucheka sekunde ile ile anayocheka mjukuu wake wa miaka minne. Hakuna cha kufasiri pale.

Na watu wa Lamu wanamjua paka. Mtazameni paka wa hapa, mwembamba, mrefu wa miguu, pale wavuvi wanapopara samaki. Hahangaiki. Anatulia mpaka unadhani amesinzia. Sikio moja tu linageuka. Halafu mkono unatoka mara moja na kipande cha samaki hakipo. Waliomchora Tom waliujua utulivu ule. Kicheko cha Tom na Jerry kimo katika nusu sekunde ile ya kabla ya mkono kutoka, na anayeifufua katuni hii bila kuilinda nusu sekunde hiyo amebakiwa na ngozi ya paka tu.

Wasiwasi wa wapenzi wake hautokani na ukaidi wa wazee. Katuni hii imeshafufuliwa mara kadhaa. Kati ya 1961 na 1962 Gene Deitch alitengeneza 13 akiwa Prague. Mwendo ukawa wa kushtuka-shtuka, sauti zikawa na mwangwi kama wa pangoni, na mpaka leo mtazamaji akiiona moja hujua kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukitaja. Chuck Jones akafuata na 34, kuanzia 1963 hadi 1967, nzuri kwa kuchorwa, ila Tom wake ni wa kukunja nyusi zaidi kuliko wa kukimbia. Kisha ikaja filamu ndefu ya 1992, ambamo Tom na Jerry wanazungumza na kuimba. Hilo ndilo kosa ambalo wengi hawajalisamehe, na wana haki.

Filamu ya 2021, iliyoongozwa na Tim Story, ilijifunza kutokana na kosa hilo. Tom na Jerry hawasemi. Tena yowe la Tom limechukuliwa kwenye rekodi za zamani za Hanna mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa akimpigia Tom mayowe tangu mwanzo. Ukilisikia kwenye spika nzuri, unalitambua papo hapo. Jambo la pili waliloamua vizuri ni kwamba kila mnyama ndani ya filamu ni katuni, hata samaki na tembo, ilhali watu na mitaa ya New York ni wa kweli. Hivyo jicho halisumbuki kuuliza mbona huyu kachorwa na yule hakuchorwa. Wametengenezwa kwa kompyuta, lakini wakapewa sura ya mchoro wa mkono: miili inavutika, inabonyea, inarudi. Vivuli vyao vinakaa sakafuni pale miguu inapokanyaga, na hilo si dogo, kwa sababu kivuli kikielea hata kidogo mnyama huonekana amebandikwa juu ya picha.

Kipande cha mwanzo bustanini ndicho kizuri kuliko vyote. Tom anapiga kinanda, amevaa miwani myeusi na kujifanya kipofu ili apewe pesa. Jerry anatokea, anawavuta watazamaji kwake, na ugomvi unaishia kinanda kikiwa kimevunjika. Kwa dakika zile chache mikeka yote inanyamaza, kisha inacheka. Vivyo hivyo chumba cha Jerry ndani ya ukuta wa hoteli, kilichopambwa kwa vitu vya kuokotaokota. Watoto hupenda kusimama waende karibu na shuka kutazama kila kidude.

Halafu watu wanaanza kuzungumza. Filamu ni ya dakika 101, na kisa cha dakika saba hakiwezi kufika huko kwa nguvu zake. Ni kama tui: la kwanza lilikuwa zito, likapikiwa watu wawili, wageni wakawa kumi na wawili, nazi ikakamuliwa mara ya tatu na ya nne. Maji yaliyotiwa hapa ni habari za msichana aliyepata kazi hotelini kwa hila, meneja anayemshuku, na harusi kubwa inayoandaliwa. Watu hao si wabaya, na harusi yenye tembo haimchoshi mtu wa Lamu anayejua harusi ni nini. Lakini mazungumzo yao ni ya Kiingereza cha haraka, na vichekesho vingi vimo ndani ya maneno. Wanapozungumza, paka na panya wanakuwa pembeni. Ukitaka kupima, tazama watoto: Tom akiwa kwenye shuka wameketi, meneja akiingia, wa nyuma wanainuka kufuata mabuyu na karanga.

Kwangu filamu inapata 6 kwa 10. Zile za Hanna na Barbera, zikionyeshwa sawasawa, hazihitaji alama yangu.

Sasa suala la kufasiri, maana hapo ndipo usiku mwingi huharibika. Kwenye vibanda vya video tumezoea mfasiri anayesema mwanzo mwisho, na kwa filamu za ngumi hilo linanoga. Kwa filamu hii mfasiri afuate kanuni moja: aseme watu wanaposema, na Tom na Jerry wakibaki peke yao azime kipaza sauti kabisa. Akianza kueleza "sasa paka anapanga njama", ameshaila ile nusu sekunde. Na atazame filamu nzima siku moja kabla, aandike kwenye karatasi dakika ambazo watu wanaingia na kutoka.

Upande wa vyombo, lililo la kwanza ni sauti. Spika ya Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa sehemu moja hadi mbili za kumi za sekunde. Kwenye filamu ya maneno hutajali sana. Kwenye Tom na Jerry, sehemu mbili za kumi ni karibu fremu tano: kikaango kinagonga uso wa Tom, uso unachukua umbo la kikaango, kikaango kinaondoka, ndipo mlio unafika. Watoto hawatajua kilichoharibika, watacheka nusu tu. Tumieni waya kutoka kwenye projekta au kompyuta hadi kwenye spika, basi.

La pili ni umbo la picha. Katuni za 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilichorwa kwa picha ya karibu mraba, upana mara 1.37 ya kimo. Projekta ikiachwa ivute picha ijaze shuka lote, Tom ananenepa kwa karibu asilimia 30 na mwendo wake mwepesi unakuwa mzito. Ingia kwenye menyu, chagua 4:3. Kwenye shuka la upana wa mita 3 picha itachukua kama mita 2.3 katikati, na nafasi tupu za pembeni ziachwe zilivyo. Kinyume chake, kuanzia 1954 MGM ilianza kuzitengeneza kwa picha pana, na nakala nyingi zilizokatwa kwa ajili ya televisheni zimepoteza pembe zote mbili. Ukiona Tom anamkimbiza mtu asiyeonekana, Jerry amekatwa.

Wanaotumia televisheni kubwa badala ya projekta wazime kile kipengele cha kulainisha mwendo, ambacho kwenye menyu nyingi kimo chini ya neno Motion. Katuni hizi zina fremu 24 kwa sekunde, na mara nyingi mchoro mmoja hushika fremu mbili. Televisheni huona mapengo hayo ikabuni picha za kuyaziba, na makucha ya Tom yanaacha ukungu nyuma yake. DVD za PAL, mfumo wa picha uliokuwa ukitumika kwenye televisheni za Kenya, nazo zina lao: kwa kawaida hucheza fremu 25 badala ya 24, hivyo dakika saba zinakuwa dakika 6 na sekunde 43 na muziki wa Bradley unapanda sauti kidogo. Si balaa, ila mwenye faili inayocheza 24 aitumie hiyo.

Shuka liwe la pamba nzito, tabaka mbili. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa unashawishi kwa weupe wake, lakini una mabonde, na mstari mwembamba wa sharubu za Jerry hupotea humo. Shuka lifungwe kamba pembe zote nne na kupitishiwa ufito chini, nyuma yake kuwe na ukuta; kusi likivuma na kupata upenyo, shuka hufura kama tanga na katikati ya picha inafifia. Kwa upana huo wa mita 3, projekta yenye mwanga wa lumeni 3,000 inatosha gizani, na nyingi zitahitaji kukaa kama mita 4.5 kutoka kwenye shuka. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kikavu kila baada ya onyesho, kwa sababu chumvi ya hewa ya hapa haisubiri.

Anayeonyesha filamu hadharani anahitaji leseni ya bodi ya kuainisha filamu ya Kenya, KFCB, pamoja na idhini ya mwenye haki za filamu.

Kuna jambo ambalo filamu mpya imelifanya vizuri kuliko za zamani, na lisemwe wazi. Baadhi ya zile 114 zina mtumishi mweusi wa nyumbani aliyechorwa na kusemeshwa kwa dharau, na nyingine zina kichekesho cha bomu kulipuka na uso kugeuka mweusi. Watoto wetu hawastahili kucheka hilo. Mwenye kuonyesha atazame kila moja mwanzo hadi mwisho kabla ya kuiweka kwenye orodha; nzuri zisizo na doa hilo zipo tele.

Wanaosubiri katuni nyingine za zamani zipelekwe sinema wana la kushika. Mwaka 2019 watazamaji walilalamikia sura ya Sonic, yule mhusika wa mchezo wa video, mara tu tangazo la filamu yake lilipotoka. Studio ikamchora upya na kuisogeza filamu kutoka Novemba hadi Februari 2020. Kwa hiyo malalamiko yenye hoja husikilizwa. Hoja ya kupeleka kwa watengenezaji wa Tom na Jerry ajaye ni moja: wapunguze watu, au wawatoe kabisa. Dakika 70 za paka na panya wasiosema zingeeleweka Shela na Matondoni bila mfasiri yeyote.

Kwa usiku mmoja, mpango unaofaa ni kuanza saa mbili, baada ya Isha. Katuni tatu za zamani, dakika 21. Mapumziko ya dakika 10. Kisha filamu, na watu wako njiani kurudi nyumbani kama saa nne na robo. Ya kwanza iwe The Cat Concerto ya 1947, Tom akiwa mpiga piano jukwaani na Jerry amelala ndani ya piano. Ianzisheni kabla watoto hawajaingia, msimame karibu na shuka, mtazame kidole cha Tom. Kikigusa piano na sauti ikatoka hapo hapo, fungueni mlango. Ikija baadaye, hata kidogo, badilisheni waya kwanza.