Metronomu ya shilingi 1,800 imemtoa mzee mlangoni

Niliinunua Luthuli Avenue, Nairobi, katika duka la vifaa vya muziki, baada ya kuvutana bei kutoka 2,500. Ni kifaa cha wanamuziki cha kushikia mdundo: inatoshea kiganjani, ina kibanio cha kushikia mkanda, nayo inapiga tik, tik, tik kwa kasi unayoitaka. Muuzaji alidhani najifunza piano. Nikamwambia ni ya kumtembeza baba.

Mzee ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Akifika mlangoni miguu inanata sakafuni, na ukimhimiza "twende baba" ndipo inanata zaidi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kuwa sehemu ya ubongo inayopanga wakati wa hatua imepungukiwa dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni, lakini mdundo unaoingia sikioni unaweza kuipa miguu saa ya kuazima. Si jambo la jana: mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake, Colorado, Marekani, waliwafanyisha wagonjwa kama yeye mazoezi ya kutembea kwa mdundo, nusu saa kila siku kwa wiki 3, na kasi yao ya kutembea ikaongezeka kwa asilimia 25 hivi.

Tulihesabu hatua za mzee kwa dakika moja: 84. Tukaanzia hapo hapo. Wiki ya pili tukapanda hadi 88. (Kiherehere changu kilinituma kujaribu 100, nusura aanguke, akaninunia mpaka jioni.) Siku hizi akifika mlango wa jikoni anasimama, anasikiliza tiki tatu nne, anatikisa kichwa kidogo, halafu mguu wa kulia unatoka.

Kabla ya hapo nilitumia programu ya bure ya simu. Mdundo ni uleule, ila tangazo liliingia katikati ya safari ya kwenda msalani, mzee akaganda.

Lawama yangu ni spika. Ndani inasikika hadi kwa jirani, lakini tukitoka nje kwenda barabarani, Jogoo Road, matatu ikipita na muziki wake mzee anaacha tiki yake na kufuata ya matatu! Sasa tunamwekea kisikizi sikio moja. La pili ni la kusikilizia bodaboda. Kibanio nacho kilivunjika wiki ya pili, tumekifunga kwa mpira.

Mimi naipa nyota nne. Mzee anasema tatu, kwa kuwa haipigi rumba. Nilimpigia rumba Jumapili: mwanzo wa polepole alitembea vizuri, sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi, ilipoingia akashika meza akaanza kucheza.