Mkweche upi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Gari kuukuu bima yake ni nafuu kwa sababu unalikatia bima ndogo, ile inayomlipa mtu uliyemgonga au mali uliyoharibu. Likipinduka au likiungua, hasara ni yako peke yako. Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako, hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, na magari ya namba A au B, yaani yale ya zamani ambayo herufi za kibao chake zinaanza na A au B, mara nyingi hukataliwa. Kwa hiyo fedha iliyobaki kwenye bima usiile, ni ya fundi. Chagua gari kwa kutazama likizima njiani spea itatoka wapi.

Namba moja ni Toyota Corolla 110. Injini yake ya 5A, cc 1500, mafundi wanaijua kuanzia Mikindani hadi Nachingwea, na spea ikikosekana mjini inapakiwa kwenye basi kutoka Kariakoo. Lakini lala chini ulikague. Huku pwani chumvi hula bodi kuanzia uvunguni. Funua kapeti ugonge sakafu, tazama pale shokapu zinapofungwa, pitisha vidole kwenye kingo za chini za milango. Rangi mpya sehemu hizo inaficha kitu. Injini mbovu inabadilishwa. Bodi iliyooza utachomelea mpaka uchoke.

Ya pili ni Vitz ya zamani au IST. Zinakula mafuta kidogo, ila tumbo lake lipo karibu na ardhi, na IST bado inauzwa ghali kwa umri wake.

Ya tatu ni RAV4 ya zamani, kwa mtu wa Liwale anayejua matope ya masika. Kwa mizunguko ya mjini, mafuta yatakutesa.

GX100, yaani Toyota Mark II, Chaser au Cresta za zamani, naiweka mwisho: silinda sita, tamu kwenye lami ya Dar, nzito mfukoni. Na injini ya D4, ile ya Toyota inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, simshauri ndugu yangu hata kidogo. Pampu yake ya presha ni ghali, na wa kuitengeneza hawapatikani kirahisi huku.

Ukilipenda gari, omba kupanda nalo Newala kutokea Masasi huku jicho likiwa kwenye geji ya joto. Rejeta mbovu hapo haijifichi. Kisha hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, angalia madeni ya faini za trafiki, na jina la kwenye kadi lifanane na la muuzaji, la sivyo kuhamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato, kutakusumbua.

Kama huna haraka, usinunue Oktoba hadi Desemba. Korosho zikilipwa, wanunuzi ni wengi na muuzaji hapunguzi.