Kauntabuku ya elfu 9 niliyozunguka nayo siku 34: uzoefu wangu

Walimu wenzangu watatu wameshaniuliza kuhusu hiki kitabu, na kila nikianza kueleza kengele inalia, kwahiyo wacha niandike yote hapa mara moja.

Ninaongelea kauntabuku ya kawaida tu, ile ya jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, kwaya 2, yaani kurasa 192, ambayo wenye maduka wanaandikia watu madeni. Nilinunua Nasser Road hapa Kampala mwanzo wa Desemba, shilingi 9,000, nikaongeza peni nne za Nice za bluu na gamu ndogo ya kubandikia. Dada wa dukani akaniuliza, "Nyabo (yaani mama), unafungua duka?" Nikamwambia hapana, naenda safari na mama yangu, siku 34, nataka niandike kila siku. Akarudisha ile aliyokuwa ameshanipa, akachagua ingine ambayo kona zake hazijabondeka. Namshukuru mpaka leo manake hizo kona ndo zimegongwa na kila buti la gari toka Kabale mpaka Arua.

Kabla ya hapo nilishajaribu njia mbili na zote ziliniumiza. Ya kwanza ni simu. Mwaka juzi nilienda Mombasa na Lamu wiki tatu, kila kitu nikaweka kwenye programu ya simu, majina ya watu, bei, vile wanavyopika samaki wa kupaka hatua kwa hatua, alafu siku niliyorudi Kampala simu ikanyakuliwa dirishani nikiwa ndani ya taksi kwenye jam. Sikuwa nimeweka bekapu popote. Leo nikifikiria Lamu naona punda na baraza za mawe, basi, lile jina la bibi aliyenisimamia jikoni kwake asubuhi nzima nimelipoteza, na linaniuma kweli. Ya pili ni daftari la ngozi la elfu 65, karatasi nyeupe bila mistari. Nililiogopa. Kitu kizuri namna ile kinakufanya uanze kutafuta maneno mazuri ya kulingana nacho, huwezi kuandika kwamba gonja, zile ndizi za kuchoma, za Lukaya leo zilikuwa zimeungua upande mmoja na Mama akazila hivyohivyo akasema ndo tamu zaidi. Niliandika kurasa tano, likakaa kabatini.

Kauntabuku haikutishi. Unaandika chochote, unakata, unabandika tiketi ya basi, unachora ramani mbaya ya njia, karatasi ina mistari kwahiyo hata mwandiko wa kwenye kiti cha basi unasomeka kiasi, na jalada gumu linakuwa meza yako magotini. Hilo la meza sikulifikiria kabla, lakini ukisafiri na taksi na mabasi kama sisi unaliona faida yake siku ya kwanza tu.

Njia yetu ilikuwa hivi: Mama alikuja Kampala na basi la usiku kutoka Arua, akapumzika siku mbili, tukaenda Masaka, Mbarara, Kabale, tukakaa ziwa Bunyonyi, tukapandisha na Rukungiri na Ishaka mpaka Kasese, kisha Fort Portal, Hoima, Masindi, Karuma, Pakwach, mpaka nyumbani Arua. Mimi ni mwalimu wa historia, likizo ya Desemba ni ndefu, na Mama amestaafu unesi, kwahiyo hatukuwa na haraka.

Mpangilio wangu: ukurasa wa kushoto ni hesabu na vitu vya kubandika, wa kulia ni maneno. Naandika kabla ya chakula cha jioni, siyo baada, kwa sababu ukishashiba matoke na maharage baada ya siku nzima barabarani huandiki kitu, unasinzia na peni mkononi. Mama akawa ananiuliza "umeshaandika?" kabla sahani hazijafika mezani. Kila mji pia niliandika maneno mapya ya lugha ya pale, Kabale nina salamu "agandi" na jibu lake "nimarungi", na nani alinifundisha.

Sasa kuhusu karatasi na wino, hapa nina ushahidi. Bunyonyi tulipanda mtumbwi wa gogo kwenda kuzunguka visiwa, viko 29, na jina lenyewe maana yake ni mahali pa vindege vingi, na kweli asubuhi wanakuamsha. Tulipita karibu na Akampene, kisiwa kidogo mno chenye nyasi na mti, ambako zamani wasichana wa Kikiga walioshika mimba kabla ya ndoa walikuwa wanatelekezwa, na mwanaume asiye na mahari ya kulipa anaweza kuja kumchukua mmoja akamuoa. Mama alinyamaza muda mrefu pale. Alafu upepo ukaja, maji yakaingia, na begi langu lilikuwa chini ya mtumbwi. Kitabu kilikuwa kwenye kavera, mfuko wa plastiki, lakini nilikuwa sijaifunga vizuri, nikakitoa kimelowa karibu robo. Nilikianika juani uani siku nzima, kila ukurasa nimeutenganisha kwa mkono. Zile nilizoandika kwa peni ya kawaida zote zinasomeka, zimekunjamana tu. Kurasa mbili nilikuwa nimeandika na peni ya wino wa majimaji niliyoazimwa Kayabwe, tulipopiga picha kwenye mstari wa ikweta, zimekuwa mawingu ya bluu, najua tu kwamba Mama alisimama mguu mmoja huku mmoja kule akasema kitu kilichotuchekesha wote, na nilichoandika ndo hicho kimefutika. Kwahiyo kama unaniuliza ununue nini, nunua peni ya bei rahisi, na kavera mbili siyo moja.

Mbarara sina cha kuwaambia. Tulikaa kwa binamu siku tatu, nyumba imejaa watoto, nikasema nitaandika kesho, nitaandika kesho, na sasa Mbarara nzima ni mistari minne, mmoja ni bei ya nyanya. Nimejaribu kukumbuka baadaye nikajaza, lakini ukisoma unaona kabisa ni maneno ya mtu anayebahatisha, nikayakata.

Kilembe ndo sababu nimeandika haya yote. Mgodi wa shaba wa Kilembe, karibu na Kasese, ulianza uzalishaji 1956, mwaka uleule ambao reli ilifika Kasese, shaba ikawa inapelekwa Jinja kuyeyushwa, na watu wakatoka kila upande wa nchi kuja kufanya kazi, wakiwemo wengi wa kwetu West Nile, upande wa Arua. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Mama alizaliwa pale 1964, akaishi mpaka 1979 familia ilipoondoka kurudi Arua, na wasomaji wa Uganda mnajua mwaka ule ulivyokuwa kwa watu wa kwetu, Idi Amin wa West Nile alipopinduliwa na sisi tukalipiziwa kisasi. Alikuwa hajawahi kurudi tangu hapo. Nyumbani alikuwa anasema Kilembe kama mtu anavyosema jina la marehemu, anataja tu anaendelea na kazi.

Tulichukua boda mbili kutoka Kasese asubuhi. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, na unaona mawe makubwa meupe yametandazwa pale ambapo palikuwa na majengo. Mama alikuwa anatafuta laini za nyumba za wafanyakazi, anapiga hatua, anasimama, anageuka. Mzee mmoja kwenye kibanda cha chai akamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, umepoteza nini?" Akamjibu kwamba amepoteza nyumba namba fulani, na yule mzee hakucheka, akasimama akatuongoza. Nyumba yenyewe hatukuipata, tulipata ukuta wa jirani.

Jioni tulirudi Kasese, umeme ulikuwa umekatika, nikawasha tochi ya simu nikafungua kitabu kama kawaida, na safari hii Mama hakuniuliza kama nimeshaandika. Akasema, "Andika, mwanangu." Akaongea, mimi naandika, kurasa 11. King'ora cha kubadilisha shifti. Buti za babu ambazo haziruhusiwi kuingia ndani, zinakaa mlangoni na udongo wake. Jirani Mkonzo, jirani Mkiga, jirani Mluo, na watoto wote wanagombana kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndo lugha waliyokuwa nayo pamoja, na ndo maana mpaka leo Mama akikasirika anakasirika kwa Kiswahili, hilo sikuwa nalijua miaka yangu yote 38. Kesho yake akaniambia nimsomee, nikasoma, akanisimamisha: "Hapana, siyo saa mbili. King'ora cha asubuhi kililia kabla hakujapambazuka." Nikakata, nikaandika la sahihi juu yake, na lile la kwanza nimeliacha lionekane. Kwenye simu ningefuta tu.

Fort Portal ilitupumzisha. Watooro wana empaako, lile jina la heshima na mapenzi ambalo kila mtu anapewa juu ya jina lake, na UNESCO waliliingiza 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mama muuza chai alishangaa kusikia mama yangu hana, akamtazama usoni kidogo akampa Akiiki. Nikampa kitabu aandike mwenyewe kwa mkono wake. Ule ukurasa Mama ameukunja kona, na ukimwita Akiiki anaitika.

Darasani huwa nawafundisha habari za Ham Mukasa, yule karani aliyesafiri na Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, 1902 kwenda London kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akaandika safari nzima kwa Luganda, na tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa 1904. Miaka yote nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba huyu alifanya kazi kubwa kwa sababu aliona mambo makubwa. Sasa nafundisha tofauti kidogo, nawaambia alikuwa anaandika wakati wengine wamechoka wamelala, na ndo maana tunaye.

Kasoro za kitabu zipo. Ni kizito, kwenye mkoba wa kawaida unakisikia begani. Wiki ya tatu mgongo ulianza kuachia, pale Hoima, karatasi za katikati zikataka kutoka, nikapiga salotepu ndani na nje na imeshika mpaka sasa, lakini nawashauri mpige kabla hamjaondoka. Ukibandika tiketi nyingi kinavimba kinakataa kufunga, nilikuwa nakifunga na kamba ya raba. Na hakina mfuko wa kuwekea vitu, risiti ya Pakwach tuliponunua samaki wa angara wa kupeleka nyumbani imepotea hivyo. Kama unasafiri wikendi moja, kwaya 1 inakutosha. Kwa mwezi, kwaya 2, nilibakiwa na kurasa 23.

Arua nimewasomea shangazi zangu jioni nne mfululizo, uani, na walikuwa wananikatiza kila ukurasa, hasa pa Kilembe, mmoja anasema ni hivi mwingine anasema ni vile, mpaka nikaanza kuandika na mabishano yao kwenye zile kurasa zilizobaki. Kabla sijarudi Kampala Mama alinituma sokoni nimnunulie yake, akasisitiza kwaya 3.

Juzi usiku alinipigia. Alitaka nimfungulie ukurasa wa 97, pale kwenye majirani, manake amekumbuka jina la mtoto wa yule Mkiga waliyekuwa wanachota naye maji, na anataka liwe pale mahali pake siyo kwenye kitabu kipya. Nimeliandika pembeni kwa peni ya bluu, na tarehe.