Uzoefu wangu: oili ya breki ya DOT 4 kwenye Probox

Kifuniko cha chombo cha oili ya breki kimeandikwa DOT 3 (DOT ni daraja la oili ya breki), na kwa mizunguko ya mjini hiyo inatosha. Nimehamia DOT 4 kwa ajili ya miteremko kama ya Kitonga. Ukishuka na mzigo huku mguu haubanduki kwenye breki, moto wa diski unapita kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) mpaka unafika kwenye oili. Kwa mujibu wa viwango, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Oili ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanika, pedali inazama na gari halisimami. Gia ndogo bado ni lazima, oili haifanyi kazi ya gia.

Tofauti niliyoiona ni mteremkoni tu: pedali inabaki pale pale hadi chini. Barabara tambarare hakuna tofauti unayohisi.

Lita moja inatosha kubadilisha yote. Kwanza nyonya oili chafu kwenye chombo, jaza mpya, kisha toa oili ya zamani tairi moja moja, ukianza na la mbali na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali): kwa usukani wa kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Gari lenye ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) angalia kwanza kitabu chake. Nipeli (skrubu ya kutolea oili na upepo kwenye kila tairi) ifunguliwe kwa ringi spana, maana spana ya mdomo wazi inakula kona, na nipeli ikikatikia ndani ya kalipa una kazi nyingine kabisa. Visha nipeli mpira mwangavu, ncha yake izame kwenye chupa yenye oili kidogo. Msaidizi akanyage, ufungue, ufunge, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani.

Mafundi wengi wanakosea hapa: wanakanyaga mpaka sakafuni. Kwenye gari la zamani, sili za masta silinda zinafika sehemu ya ndani ambayo hazijawahi kugusa, yenye kutu na uchafu, zinachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Oili kwenye chombo nayo isishuke chini ya alama ya MIN, la sivyo upepo unaingia na unaanza upya.

Kiwango kikishuka polepole bila kuvuja, usikimbilie kuongeza. Pedi zimeisha na pistoni zimetoka nje. Pedi ikibaki milimita 3 mimi nabadilisha. Pistoni zikirudishwa ndani, oili inapanda yenyewe. Kama ulikuwa unaongeza, itafurika na kumwagikia rangi ya gari na kuibabua. Mwaga maji mengi hapo hapo, usisubiri kufuta kwa kitambaa.

DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika. DOT 5 ni ya silikoni, isiingie kabisa. Oili ya injini ndiyo balaa zaidi, inavimbisha mipira yote ya mfumo.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya ujazo: nusu lita haifiki, na ukinunua mbili, kinachobaki hakiwekeki, kwa kuwa kopo lililofunguliwa linanyonya unyevu wa hewa. Dukani hakikisha sili ya chini ya kifuniko ni nzima na kopo limeandikwa FMVSS 116, yaani kiwango cha Marekani cha oili ya breki. Ukishaijaza, ibadilishe baada ya miaka 2 hata kama gari limelala uani.